Madam wa Data Alivyokuja Kuona Mimba Yangu

Kama simu haijawahi kukuambia uko na mimba, na wewe ni mwanaume wa ndevu na watoto wakubwa, basi kaa hapo nikusimulie. Mimi simu iliniambia. Asubuhi ilisema, "Habari mama, mtoto wako tumboni sasa anaweza kusikia sauti yako." Mchana ikasema nisisahau dawa ya presha. Jioni ikasema nipelekwe chanjo ya surua kwa sababu nimefikisha miezi tisa. Siku moja tu, nikawa mama, nikawa mzee, nikawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mimi kusoma si sana, msomaji wa nyumba ni bibi yangu, Mama Mumbua. Akanisomea zote akaniuliza kama nitazaa kwanza ama nitachanjwa kwanza.

Hiyo ujumbe ilikuwa inatumwa na mashine, na hiyo mashine ilikuwa na mwalimu wake. Huyo ndiye nataka kuwaambia habari zake. Jina lake sitaji. Hata huku kwetu hakuna mtu alikuwa analijua. Alikuwa ameajiriwa na kampuni moja ya mambo ya afya pale Machakos town, na kazi yake kwa karatasi inaitwa mwanasayansi wa data. Sisi tulifupisha. Tulimwita Madam wa Data.

Kwanza nieleze hiyo mimba. Kilima chetu kiko juu ya Katelembo, na network ya huku ni kama mbuzi wa jirani, inaonekana ikitaka. Mahali inashika vizuri ni jiwe moja tu, na karibu na hiyo jiwe mimi nimejenga kibanda changu cha kunyoa na kuchaji simu na solar. Kwa hivyo mtu wa huku akiulizwa namba pale dispensari, alikuwa anapeana yangu. Ujumbe ukiingia, Mama Mumbua anasoma, mimi napanda jiwe naita. Sauti Mungu alinipa. Nikiita mtu, ng'ombe wa Athi River wanainua kichwa. Kuna siku niliita fundi wa mabati, wasichana wanaoshona nguo kule EPZ wakadhani ni king'ora cha kutoka kazi, wakaweka makasi chini wakachukua mikoba.

Sasa mashine ya kina Madam ilikuwa inajua mtu kwa namba ya simu. Namba moja, mtu mmoja. Kwa hivyo ilichukua kilima kizima ikakishona pamoja, ikatengeneza mgonjwa mmoja, na huyo mgonjwa akawa mimi. Mwanamke mjamzito wa miaka themanini, ambaye ni mwanaume, na bado ananyonya. Madam aliniambia baadaye aliangalia huyo mtu kwa kompyuta mpaka chai ikapoa, akasema huyu lazima nimwone na macho.

Akaja. Alikuja na viatu nyeupe, na huku kwetu udongo ni nyekundu kama pilipili, kwa hivyo alipofika viatu zilikuwa zimeokoka na kubatizwa jina lingine. Alinipata katikati ya kichwa cha mteja. Akasalimia vizuri, akauliza kama anaweza kuonana na mwenye hii namba. Nikamwambia ni mimi. Akaangalia ndevu. Akaangalia tumbo. Sitadanganya, tumbo niko nayo.

"Na hiyo mimba iko na muda gani?" akauliza, bila kucheka hata kidogo.

"Tangu nioe, Madam. Ni ya kula muthokoi."

Aliketi kwa ile jiwe akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mteja wangu naye alicheka akatoka akaenda kuhadithia sokoni, kichwa nusu kimenyolewa nusu ni msitu, na mpaka leo hajarudi kumaliziwa.

Lakini hakuwa amekuja kucheka. Alipopangusa macho akaniambia mambo ilivyo. Bosi wake alikuwa amesema sisi ni watu hewa. Ati hakuna kilima kinaweza kuwa na wagonjwa wote hao na simu moja, lazima kuna mtu ameketi mahali anabuni majina. Alitaka tufutwe wote. Na kufutwa si mchezo, kwa sababu dawa za dispensari zinaletwa vile mashine imehesabu watu. Mashine ikisema kilima hakina mtu, sanduku inakuja bila kitu. Na mama yangu mzazi, ambaye kila mtu huku anamwita Susu, dawa ya presha ndiyo inamsimamisha. Wakati mmoja ilikosekana, akaanguka kwa boma, mbuzi wakamzunguka wakimlamba wakidhani tumewaletea chumvi. Kwa hivyo Madam aliposema "kufutwa", mimi sikusikia kompyuta. Nilisikia mama yangu chini na mbuzi.

Nikampeleka kwa Susu siku hiyo hiyo, aone kama ni mtu hewa. Susu alimpea uji kwa kibuyu akamuuliza kazi yake ni gani haswa.

"Susu, nafundisha kompyuta kujua nani atasahau dawa, kabla hajasahau."

Susu akafikiria hiyo maneno mpaka uji ukaisha. "Kwa hivyo wewe ni mganga."

"Hapana, Susu. Mganga akikosea haitwi kwa mkutano."

Hapo Susu alimpenda. Susu hapendi watu haraka. Baba yangu mwenyewe alipendwa akiwa tayari na watoto wanne.

Sasa nikuambie vile alikuwa. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, na Kikamba yake ilikuwa ya mtoto wa town. Alikuwa anaongea kama mtu ameweka nduma ya moto mdomoni, anaigeuzageuza. Wamama wa huku walikuwa wanampea maneno ngumu makusudi ndio wamsikie akianguka nayo. Yeye hakasiriki. Anaanguka, anaamka, anarudia.

Alianza kuja mara kwa mara, anaketi kando ya kibanda na laptop magotini kwa sababu ya network. Huyo mtu alikuwa anaongea na kompyuta vile mimi naongea na punda. "Wewe, nani alikuambia hivyo?" anaiuliza. "Jana hukusema hivi. Rudia." Halafu anangoja, halafu anaguna, halafu anaibembeleza. Siku moja akaitukana kidogo, na nakuapia ile kompyuta ilizima yenyewe kwa aibu. Aliniambia ni charge imeisha, lakini mimi niliona.

Mama Mumbua alimuuliza hiyo kazi inaendaje kila siku. Madam akasema wakati mwingi sana anasafisha tu. Majina yameandikwa mara mbili anasafisha, uzito wa mtu umeandikwa mahali pa umri wake anasafisha, mzee wa kilo themanini anakuwa na miaka themanini, na kadhalika. Bibi yangu alisikia "nasafisha" akaacha hapo. Akaenda akatangaza kwa wamama wa kanisa kwamba huyo msichana amesoma mpaka macho ikachoka, na bado huko town wamempea kazi ya kusafisha. Wakamhurumia. Jumapili iliyofuata wakamletea sabuni ya kipande na mayai. Madam alipokea na mikono miwili, akashukuru, na kitu cha kuelezea akaacha.

Alikuwa na msemo wake mmoja. Ukimwambia jambo, anasema, "Mtu mmoja ni hadithi, Baba Mumbua. Watu wengi ndio data." Nilimwambia juu ya jirani yetu aliyepona mgongo kwa kupigwa na radi. Akasema mtu mmoja ni hadithi. Nikamwambia juu ya mjomba wangu aliyekula asali na meno yakarudi. Mtu mmoja ni hadithi. Mwishowe nikamwambia, sawa, lakini mimi peke yangu ni data, uliza mashine yako.

Na hakuwa anasema "ndio" kama watu wengine. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anasema kuna uwezekano. Ukimuuliza kama atakuja kesho, uwezekano ni mkubwa. Mama Mumbua alimuuliza kama mandazi ni tamu. Akasema kwa hii moja hawezi kusema, aongezewe. Akaongezewa. Akasema bado anataka uhakika. Alimaliza sahani yote kwa sababu ya sayansi. Na huyo huyo chai yake ilikuwa kavu, hata chembe ya sukari hakuna, ati kwa vile anaona kwa kompyuta sukari inafanyia watu nini. Nikamuuliza na mandazi kwani imepikwa na mchanga? Akasema mandazi hajapewa ruhusa ya kuichunguza.

Lakini kichekesho kikubwa ni hiki. Mtu anakumbusha kaunti nzima tarehe za kliniki, yeye mwenyewe alikuwa hakumbuki kitu. Koti alisahau kwangu, akaja kulichukua, akasahau mwavuli. Alikuwa na jino moja lilikuwa linamsumbua, shavu limefura kama papai, na kila wiki anasema ataenda kwa daktari wiki hiyo. Nilimuuliza kwa nini asijiweke kwa ile mashine yake imkumbushe. Akasema aliweka. Simu ilikuwa inamkumbusha kila asubuhi, na kila asubuhi alikuwa anaizima kwa sababu ati anajua ni nani anaituma.

Siku alinipata nikiwa kwa jiwe naita ndio alikaribia kuzimia. Mimi nilikuwa nafanya kazi yangu vizuri tu. Nilikuwa nimemwita jirani fulani aende achukue dawa ya minyoo, na kwa sababu alikuwa mbali nikarudia neno "minyoo" kwa nguvu. Madam alikuja mbio, mikono juu, kama mtu anazuia lori. Akaniketisha chini. Akanieleza kwamba ugonjwa wa mtu ni siri yake, hata kama ni minyoo, na mimi nimekuwa natangazia wilaya mbili. Kusema kweli hapa kwetu hakuna siri ya minyoo, lakini kwa ule uso wake nikakubali.

Hakwenda kunishtaki. Alirudi town akabadilisha ule ujumbe usiseme tena ni dawa gani. Ukaanza kuja na jina na siku tu. Na mimi tukapatana, nikipanda jiwe niseme jina, halafu niseme, "Madam wa Data anakusalimia." Basi. Ukisalimiwa na Madam unajua kesho ni dispensari. Watu waliipenda. Kuna wazee hawakuwa wagonjwa walikuja kuniuliza mbona wao hawasalimiwi.

Wakati huo wote bado tulikuwa hatujui kama tutafutwa. Madam alikuwa ameshatenganisha watu kwa mashine, kila mtu akapata mahali pake, na pembeni pakaandikwa nani ndiye wa kumwitia. Lakini bosi alitaka kuona watu wa nyama. Madam akamwomba angoje mpaka kliniki ya Alhamisi. Wale mashine imewaita wakija, ni watu, wabaki. Wasipokuja, afute. Aliniambia hiyo maneno akiangalia chini, na hakusema uwezekano ni mkubwa ama mdogo.

Jumatano nikapanda jiwe nikasalimia kilima chote mpaka koo ikawa kama msumeno. Jumatano hiyo hiyo usiku, mvua ya kwanza ikanyesha.

Sasa kama wewe si Mkamba pengine hujui mvua ya kwanza ni nini. Sisi tunaingoja vile watu wengine wanangoja mtu atoke hospitali. Ikinyesha, asubuhi hakuna mtu nyumbani. Shule hakuna, harusi hakuna, hata mwizi anaahirisha. Kila mkono uko kwa shamba na mbegu, kwa sababu hujui kama hiyo mvua itarudi. Alhamisi Madam alifika dispensari akapata benchi iko tupu, na sista wa dispensari peke yake anafuma sweta. Nikapanda jiwe nikaita tena. Kila mtu niliyemwita alinijibu kutoka shambani kwamba na yeye anamsalimia Madam.

Tukaenda kwa Susu. Alikuwa ameinama kwa shamba, gauni imefungwa kiunoni, na wenzake wa mwethya, kile kikundi cha wamama wanaolimiana kwa zamu, wako laini moja na yeye. Madam akamweleza yote, ya bosi, ya kufutwa, ya sanduku.

Susu hakuinuka, ila alimwita binti yake kwa Kikamba. "Dawa itaningoja, mwiitu wakwa. Mvua haingoji mtu."

Nilidhani Madam atalia. Alisimama hapo kidogo, akaangalia hilo shamba lote, akaangalia laini ya wamama. Halafu akavua viatu.

"Jembe iko wapi?" akauliza.

Nakuambia, katika dunia hii hakuna mtu amewahi kupanda vibaya kama huyo Madam. Mbaazi aliziweka karibu karibu kama watu kwa chakula cha matanga. Shimo zingine zilikuwa za mbegu, zingine zilikuwa za kisima. Akaona jongoo akaruka akatua kwa laini ya mtu mwingine. Wamama walicheka mpaka kazi ikaenda mbio, kwa sababu kila mmoja alitaka kumfikia aone mwenyewe. Lakini hakuacha. Mikono ilitoka malengelenge, miwani ikajaa matope, na alipofika mwisho wa laini yake akaanza ingine bila kuambiwa.

Jua likiwa bado halijafika kichwani, shamba la Susu lilikuwa limekwisha. Susu akanyoosha mgongo. Yeye ndiye mwenyekiti wa mwethya, na mwethya huku ina nguvu kuliko chifu. Akapiga macho kwa wamama, akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo inatisha, "Asiyepitia kwa sista leo, kesho mwethya haiingii shamba lake. Na aende na mzee wake."

Ungeona hiyo barabara ya dispensari. Watu walishuka kutoka kila upande, jembe begani, matope mpaka magotini, wazee nyuma wakilalamika. Benchi ikajaa, kivuli ikajaa, wengine wakaketi kwa majani. Sista aliacha sweta akaanza kupima presha, huku anagomba kwamba sakafu yake imekuwa shamba na yeye atapanda maharagwe hapo. Madam alisimama mlangoni na miguu yake tupu, anaangalia tu. Sikumsikia akiuliza mashine kitu.

Hatukufutwa. Bosi alikuja mwenyewe wiki iliyofuata kutuona, akapewa uji, akanyolewa, akaenda. Sanduku ya dawa inakuja imejaa mpaka leo. Na Madam akaongeza kitu kwa ile mashine. Kumbe kila mwaka mvua ikianza, ilikuwa inaona watu wamepotea inadhani wameacha dawa. Akaifundisha iangalie mvua kwanza kabla ya kupanga kliniki. Kwa hivyo siku hizi kuna kompyuta pale Machakos town ambayo haiwezi kufanya kitu bila kuangalia mawingu. Susu anasema sasa hiyo imekuwa Mkamba.

Baadaye Madam alipandishwa cheo akapunguza kuja. Ujumbe uliendelea, salamu zikaendelea. Mwavuli wake bado uko kibandani, mimi nautumia kwa wateja wanaogopa jua.

Halafu juzi, msimu huu wa maembe, ujumbe ukaingia. Mama Mumbua akasoma jina, akasoma siku, akarudia jina. Hakuna mtu wa jina hilo kilimani. Nikapanda jiwe nikaita hilo jina pande zote nne. Hakuna mtu aliitika. Nikauliza Susu, akasema hamjui. Nikauliza sista wa dispensari. Sista akaangalia, akatabasamu, akasema mgonjwa hayuko huku, yuko town, na mwenyewe aliandikisha namba yako ndio wewe umwite. Alipoona bado sijashika, akanionyesha kwa kidole miguu yangu, akasema, "Yule wa viatu nyeupe."

Asubuhi ya kliniki niliamka mapema nikanyoa ndevu nikashuka Machakos. Ofisi yao ina geti, na geti ina askari, na askari akaniuliza niko na miadi na nani. Nikamwambia siwezi kusema, ni siri ya mgonjwa. Akaniambia basi siingii. Nikamwambia hakuna shida, mimi siingiangi, mimi naitaga. Nikarudi nyuma hatua kidogo ndio nisimuumize masikio.

"Madam wa Data!" nikaita. "Madam wa Data anakusalimia!"

Madirisha yalifunguka kama kanisa limeanza pambio. Nadhani hata Matuu walifungua. Halafu mlango ukafunguka, Madam akatoka, mkono mmoja mdomoni, mwingine kiunoni, na mbele yake tumbo kubwa linatangulia kama gari ya polisi. Alicheka akitembea, na alikuwa anatembea pole pole, vile wamama wa hali hiyo wanatembeanga.

"Nilijua nikiweka namba yangu nitaizima," akasema. "Wewe siwezi kuzima."

"Kliniki ni saa ngapi?"

Akaangalia saa, akashtuka. Alikuwa amesahau.

Nikamshikia mkoba tukatoka getini. Nikamwambia, Madam, hii mimba ulikuja kuitafuta kwangu miaka ile yote, na viatu ukaharibu, kumbe ilikuwa inakungoja wewe. Nikamwambia pia mashine yake haikukosea, ilikosea tu mwenye mimba na wakati.

"Mtu mmoja ni hadithi, Baba Mumbua," akasema.

"Ndio," nikamwambia. "Lakini wewe leo uko wawili."

Alisimama katikati ya barabara akafikiria hiyo. Boda boda zikatuzunguka zikipiga honi. Halafu akaniambia uwezekano ni mkubwa, akanishika mkono, tukaenda kliniki.